SOMO LA MWEZI: TUSIKIE UTAFITI, TENA TUUPIME

Somo: Danieli 1:8–16, 1 Wathesalonike 5:21



Mwezi huu twataka kujifunza jambo ambalo laweza kuonekana kuwa ni la hospitali, wala si la kanisa. Lakini kwetu sisi lilianzia hapa hapa, chini ya mwembe wa kanisa, baada ya Ibada ya asubuhi. Mama mmoja wa mtaa wetu alikuwa akitumia dawa za shinikizo la damu. Akasikia kwamba "utafiti umeonyesha" kuwa kitunguu saumu hushusha presha. Basi akaacha vidonge, akawa anatafuna kitunguu saumu kila asubuhi. Alitueleza habari hiyo kwa furaha, nasi tukacheka naye, hatukusema neno. Baada ya majuma machache alipatwa na kiharusi. Twamshukuru Mungu yu hai, lakini mkono wake wa kuume hauna nguvu. Tulipokwenda kumjulia hali alituuliza, "Mwalimu, si walisema ni utafiti?"

Yeye mwenyewe ameturuhusu tuandike habari hii bila kutaja jina lake. Nasi twaiandika tukikiri kwamba siku ile ilitupasa kusema, na tulinyamaza. Swali lake ni swali la haki, na somo hili ni jibu letu.

1. Jaribio la Danieli

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kuanza na jambo linalojulikana, ndipo tuende kwa lisilojulikana. Basi na tuanze na Danieli. Yeye na wenzake watatu, Hanania, Mishaeli na Azaria, hawakutaka kujitia unajisi kwa chakula na divai ya mfalme. Mkuu wa matowashi aliogopa wasije wakadhoofika, naye akapoteza kichwa chake. Danieli hakubishana naye. Alimwomba msimamizi aliyewekwa juu yao awape vyakula vya mimea na maji kwa siku kumi, kisha awalinganishe na vijana waliokula meza ya mfalme, aamue kwa yale aliyoyaona.

Tazameni mambo matatu. Kwanza, kulikuwa na makundi mawili ya kulinganisha. Pili, muda ulipangwa kabla ya kuanza. Tatu, aliyeamua si Danieli mwenyewe, bali ni msimamizi. Naam, Biblia haikuandika habari hii ili iwe kitabu cha utabibu. Ni habari ya uaminifu kwa Mungu. Na vijana wanne ni wachache mno kwa utafiti. Lakini mtu akituambia "tangu nianze kunywa kitu fulani najisikia vizuri", twaweza kumwuliza kama msimamizi yule: umejilinganisha na nani?

2. Makondakta wa London

Wataalamu wana njia mbalimbali za kuhusisha mazoea ya kila siku na afya. Ya kwanza ni kutazama na kulinganisha. Mwaka 1953 Daktari Jerry Morris na wenzake walitoa habari za watumishi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kitini siku nzima; kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Wote walifanya kazi katika basi moja na mji mmoja. Ikaonekana kwamba makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva.

Je, ni ngazi zilizowaponya? Wengi wetu tungesema ndiyo, tukafunga daftari. Morris hakufunga. Mwaka 1956 alitoa habari nyingine, ya vipimo vya sare. Suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana kuliko za makondakta, hata kwa vijana. Basi huenda watu wanene ndio waliochagua udereva tangu mwanzo, na unene huo ulikuwa na sehemu yake katika maradhi yao. Hapo twajifunza kwamba mambo mawili yakienda pamoja, haimaanishi kwamba moja limelizaa la pili. Huenda liko la tatu lililowaleta wote wawili.

Kazi haikuishia hapo. Tafiti nyingi za miaka iliyofuata, zilizohesabu pia unene, uvutaji wa tumbaku na mengineyo, zimeonyesha kwamba kuushughulisha mwili husaidia moyo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa juma. Kwa wengi wetu jembe na safari ya kwenda kisimani hutosha na kubaki. Wanaohitaji kuambiwa ni sisi wastaafu wa kitini.

3. Madaktari na sigara

Njia ya pili ni kuwafuata watu kwa miaka mingi. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walilinganisha wagonjwa wa saratani ya mapafu na wagonjwa wengine hospitalini, wakaona kwamba uvutaji wa sigara ulihusika sana. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, akaacha. Kisha mwaka 1951 waliwaandikia madaktari wa nchi yao wakiwauliza habari za uvutaji wao. Madaktari wanaume zaidi ya 34,000 walijibu, na wakafuatwa mpaka matokeo ya miaka 50 yalipotolewa mwaka 2004.

Ilionekana kwamba walioendelea kuvuta walikufa mapema kuliko wasiovuta kwa kiasi cha miaka 10, tukichukua wastani. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alijipatia kiasi cha miaka 3. Aliyeacha akiwa na 50, miaka 6. Aliyeacha akiwa na 40, miaka 9. Na aliyeacha akiwa na 30 aliokoa karibu yote 10. Wazee wenzetu mnaosema "tumekwisha kuchelewa", someni mstari huo tena.

Kwa nini twaamini utafiti huu, ingawa hakuna aliyelazimishwa kuvuta? Ni kwa sababu ushahidi ulikubaliana kutoka pande nyingi. Uvutaji ulitangulia, ugonjwa ukafuata. Aliyevuta zaidi aliumia zaidi. Aliyeacha hatari yake ilipungua. Na watafiti wengine, katika nchi nyingine, waliona vivyo hivyo. Mwaka 1965 Bradford Hill aliandika mambo kama hayo ya kupimia, na hata leo hufundishwa.

4. Kupiga kura

Njia ya tatu ni jaribio lenyewe: watu hugawanywa kwa kura, kundi moja lipewe kitu na jingine lisipewe. Kura haimpendelei mnene wala mwembamba, tajiri wala maskini. Watu wakiwa wengi, makundi hufanana. Umuhimu wake twauona katika mifano miwili.

Wa kwanza ni wa Finland. Ilikuwa imeonekana kwamba watu walao mboga na matunda kwa wingi hupata saratani ya mapafu kwa uchache. Wengine wakadhani siri ni betakarotini, ile rangi iliyomo katika karoti. Wanaume wavutaji zaidi ya 29,000 wakagawanywa kwa kura, baadhi wakapewa vidonge vyake. Matokeo yalitolewa mwaka 1994. Waliomeza betakarotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao, kwa asilimia 18. Mboga ni njema, tuendelee kuila. Lakini kidonge kilichotolewa katika mboga si mboga. Lililoonekana kwa kutazama lilianguka lilipojaribiwa.

Wa pili ni wa China, nao ulitolewa mwaka 2021. Vijiji 600 viligawanywa kwa kura. Waliohusika walikuwa karibu watu 21,000 waliokwisha kupata kiharusi, au wazee wenye presha ya juu. Nusu ya vijiji walitumia chumvi ya kawaida. Nusu walipewa chumvi ambayo robo yake ni potasiamu badala ya sodiamu. Baada ya miaka kama mitano, viharusi vilipungua kwa asilimia 14.

Sasa tufanye hesabu, maana asilimia hupendeza magazetini. Katika watu 1,000 wa chumvi ya kawaida, viharusi vilikuwa kama 34 kwa mwaka. Kwa chumvi ya pili vilikuwa kama 29. Tofauti ni watano hivi katika elfu. Je, ni kidogo? Kwa mtu mmoja ni kidogo. Kwa wilaya nzima ni mikono mingi ambayo ingali inashika jembe. Lakini mwenye ugonjwa wa figo asitumie chumvi ya namna hiyo bila kumwuliza daktari, kwa kuwa potasiamu yaweza kumdhuru. Sisi wengine tushike shauri la Shirika la Afya Duniani: chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha tiwa katika mkate na vyakula vya dukani.

5. Tabia za watoto, na kuhudhuria kanisani

Watafiti huchunguza tabia pia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwapa watoto wadogo shauri: kula peremende moja sasa, au ngoja upate mbili. Baadaye ilisemekana kwamba walioweza kungoja walifanya vyema zaidi masomoni. Wazazi wengi wakaanza kuwapima watoto wao. Lakini mwaka 2018 watafiti wengine walitazama watoto zaidi ya 900, wakahesabu pia hali ya nyumbani kwao, na uhusiano ule ukapungua sana. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi angeweza kukisia. Mtoto aliyezoea kuahidiwa akapata, hungoja. Mtoto ambaye ahadi huvunjwa na chakula ni cha bahati, hula sasa. Tusimwite mtoto mlafi kabla hatujajua sufuria ya kwao.

Na kanisani je? Mwaka 2016 ilitolewa habari ya wauguzi wanawake zaidi ya 74,000 wa Marekani waliofuatwa kwa miaka 16. Waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa juma walikufa kwa uchache kuliko wasiohudhuria kabisa, kwa asilimia 33. Hapo tutashawishika kupiga vigelegele. Tupime kwanza kwa kipimo kile kile. Mgonjwa hawezi kutembea kwenda ibadani. Basi huenda si kutohudhuria kulikoleta ugonjwa, bali ugonjwa umemzuia kuhudhuria. Watafiti wale walijitahidi kuhesabu afya ya mwanzo, na uvutaji, na huzuni ya moyo, na bado tofauti ilibaki. Hata hivyo haikuwa kura, nao ni wauguzi wa Marekani, si sisi.

Kwa vyovyote, hatuendi kumwabudu Mungu ili tuongeze miaka. Lakini somo hilo linatuachia kazi. Mwenzetu asipoonekana Jumapili mbili, huenda ni mgonjwa. Tusiseme amepoa kiroho kabla hatujabisha hodi kwake.

6. Maswali ya kuuliza

Mtu akikuambia "utafiti umesema", muulize kwa upole:

(a) Ni utafiti wa nani, au ni maneno ya muuzaji?
(b) Walichunguzwa watu wangapi, na walilinganishwa na nani?
(c) Walitazamwa tu, au waligawanywa kwa kura?
(d) Je, liko jambo la tatu linaloweza kuleta yote mawili?
(e) Wengine wamerudia wakaona vivyo hivyo?
(f) Utafiti wenyewe ulisema niache dawa zangu?

7. Jibu kwa mama yetu

Mama, ni kweli ziko tafiti za vitunguu saumu. Baadhi yake, na nyingi ni ndogo, ziliona presha ikishuka kidogo. Lakini kushusha presha kidogo si sawa na kuzuia kiharusi, na hazikumwambia mgonjwa aache vidonge alivyopewa hospitalini. Tena, kwa haki ya somo hili, hatuwezi kuapa kwamba ni kuacha dawa kulikoleta kiharusi chako. Mtu mmoja hatoshi kuthibitisha. Linalojulikana, kwa majaribio mengi ya kura yenye maelfu ya watu, ni kwamba dawa za presha hupunguza viharusi. Kitunguu kile kilikuwa cha kutia katika mchuzi, na vidonge vilikuwa vya kumeza. Ungeweza kuwa na vyote viwili, kama sisi tungelisema.

Mtume Paulo aliwataka Wathesalonike wapime yale wanayoyasikia kabla ya kuyashika. Kupima si kukosa imani. Danieli alikuwa na imani, tena aliomba apimwe.

Maswali ya kujadiliana nyumbani na katika vikundi

1. Ni ushauri gani wa afya mliousikia mwezi huu? Upimeni kwa maswali sita yaliyo juu.
2. Ni nani katika mtaa wetu ana dawa za kila siku, na nani humkumbusha?
3. Jikoni mwetu chumvi hupimwa, au humiminwa tu?
4. Ni nani hajaonekana kanisani Jumapili mbili zilizopita? Nani atakwenda?

Mungu awabariki, na ampe dada yetu nguvu ya mkono wake.