Asteroidi Hupatikana Wapi? Somo la Njia ya Minara Miwili hadi Nungwi



Kimondo kikipita usiku, waumini huuliza: jiwe hilo limetoka wapi, na je, ni dalili ya mwisho wa dunia? Mtakatifu Augustino, mwana wa Afrika ya Kaskazini, aliwaonya Wakristo wasinene ovyo kuhusu nyota mbele ya wasio Wakristo wanaozifahamu. Wakituona tumekosea hapo, watatuaminije tukiwaeleza habari za ufufuko? Onyo hilo linatuhusu sisi wa Unguja, ambako majirani zetu wamesafiri baharini kwa kufuata nyota tangu kale.

Asteroidi ni vipande vya mawe na chuma vinavyolizunguka Jua, masalio ya wakati sayari zilipofanyika. Hupatikana hasa mahali patatu.

1. Ukanda mkuu. Huu uko kati ya Mirihi na Mshtarii. Tuupime kwa barabara yetu ya kaskazini. Jua liwe Minara Miwili, kanisa la Mtakatifu Yosefu, Mji Mkongwe. Dunia iwe Bububu, kama kilomita 10. Mirihi itakuwa kilomita ya 15. Ukanda utaanza kama kilomita ya 21, upande wa Mahonda, na kuishia kama ya 33, kuelekea Mkokotoni. Mshtarii itakuwa kilomita ya 52, kabla ya Nungwi. Kwa kipimo hicho Ceres, kubwa kuliko zote ukandani, ni kama chungwa dogo tu! Zote kwa pamoja hazifikii uzito wa Mwezi. Basi ukanda si msongamano wa mawe. Sehemu kubwa ni tupu.

Aliyeigundua Ceres ni padre, Giuseppe Piazzi wa Shirika la Wateatini, huko Palermo, tarehe 1 Januari 1801, alipokuwa akiorodhesha nyota.

2. Njia ya Mshtarii. Makundi mawili huzunguka Jua katika njia ileile ya sayari hiyo: moja hutangulia, jingine hufuata.

3. Karibu na Dunia. Mvuto wa Mshtarii husaidia kuzitoa baadhi ukandani na kuzileta huku kwetu. Mojawapo ni Ryugu, ambayo chombo cha Wajapani kilileta mchanga wake mwaka 2020. Mchanga huo ulifanana sana na kimondo kilichoanguka Ivuna, katika Mkoa wa Songwe wa leo, tarehe 16 Desemba 1938.

Basi tumjibu muumini hivi: vimondo vingi ni vumbi linaloungua angani, na mawe yanayofika chini karibu yote ni vipande vya asteroidi. Hayatangazi siku ya mwisho, kwani Bwana alisema siku hiyo aijua Baba peke yake. Kusema kweli juu ya viumbe ni sehemu ya kumheshimu Muumba.

Maswali ya kujadili katika jumuiya
1. Kwa nini si sahihi kuuchora ukanda kama mawe yaliyosongamana?
2. Jirani akikuuliza kuhusu kimondo, utamjibuje bila kumtia hofu?