Picha za Ngome Zisife na Diski

Ukitazama Ngome ya Yesu ya Mombasa kutoka baharini leo, utauona chini yake ukuta uliojengwa kukinga mawimbi. Mwenye picha za kabla ya ukuta huo ana hazina: hakuna kamera itakayoipata sura ile tena. Kama picha hizo zimo ndani ya diski moja tu, kabatini, Mji wa Kale, penye hewa ya chumvi na unyevu mwaka mzima, zishughulikie wiki hii.

Diski ni chombo. Huanguka, hushika kutu, huibiwa. Taswira ya diski ni faili moja linalobeba kila kilichomo, sekta kwa sekta, hata sehemu tupu. Kompyuta hulifungua kana kwamba diski yenyewe imechomekwa, nawe waweza kulinakili utakavyo. Lakini faili hilo nalo lazima likae juu ya diski fulani, na hapo ndipo watu wanapopotea: wakiliacha kwenye diski ileile, hawajaokoa chochote.

Tafuta diski nyingine iliyo kubwa zaidi. Diski ya terabaiti 1 hutoa faili la terabaiti 1, hata kama picha zako hazijafika robo. Diski hiyo mpya usiiandae kwa FAT32, maana haipokei faili linalofika gigabaiti 4; exFAT inafaa. Kwenye Linux, tazama kwa lsblk ipi ni ipi, tena tazama mara ya pili, kwa sababu ukizigeuza utafuta picha zote. Kisha, ukiwa ndani ya diski mpya, nakili kwa programu ya ddrescue:

sudo ddrescue /dev/sdb ngome.img ngome.map

Hapo sdb ni diski ya zamani. Kwa USB 2 kazi huchukua saa tisa hivi. Kwa USB 3, kama tatu. Umeme ukikatika, rudia amri ileile: faili la .map linakumbuka ulipofikia. Diski ikigonga kwa ndani, izime na umpelekee fundi wa kuokoa data.

Zipo taswira zinazojipanua kadiri zinavyojazwa, kama VDI ya VirtualBox. Hizo ni za majaribio. Kwa kumbukumbu, nachagua .img, kwa kuwa programu nyingi huisoma.

Ukimaliza, ifungue kwa kusoma tu, utazame picha kadhaa hadi mwisho. Andika karatasini tokeo la amri sha256sum ngome.img. Nakala ya pili mpe jamaa aliye nje ya kisiwa, Likoni au Nyali, na kila mwaka linganisha tokeo lake na la karatasi.