Kwako Bado Mtoto, kwa Bima Keshakuwa Mtu Mzima



Leo namjibu mdogo wangu wa Wete. Mumewe ameajiriwa na kampuni Dar es Salaam, na bima ya kazini imewachukua yeye, mke na watoto. Kijana wao mkubwa, aliyetimiza miaka 21 mwaka jana, anasoma Dodoma. Kashikwa na homa, kaenda hospitali, kadi ikakataa. "Da, wamemtoa mwanangu kimyakimya," ananiandikia. "Na mdogo wake wa kike naye anatimiza 21 msimu huu wa karafuu."

Pole, mdogo wangu. Lakini hakuna aliyemtoa. Katoka mwenyewe siku ya kuzaliwa kwake. Kwako bado ni mtoto anayerudi likizo na furushi la nguo chafu. Bima inaangalia tarehe tu. Marekani, tangu sheria yao ya 2010, mzazi hubaki na mwanawe kwenye bima mpaka afike miaka 26, hata akishaoa. Kwetu shika mkataba uusome, maana kila kampuni na kikomo chake.

Najua kwa nini hamkuusoma. Tangu baada ya Mapinduzi ya 1964 tumelelewa na matibabu ya bure, na Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar umeanza juzi tu, 2023. Lakini bure ya hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani haipandi boti kumfuata mtoto Dodoma.

Sasa fanya hivi. Baba aende kwa afisa utumishi, aulize: mtoto aliye masomoni anaongezewa muda? Kampuni nyingi hukubali, ila zinataka barua ya chuo, na barua hiyo hupelekwa upya kila mwaka. Aulize pia habari ya ndoa, maana mara nyingi mtoto akishaoa au kuolewa hahesabiwi tena mtegemezi, awe na umri wowote.

Wakikataa, msikate tamaa. Vyuo vina bima ya wanafunzi kupitia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Kijana aulize chuoni kwao leo, asingoje homa nyingine. Na mkimkatia bima mpya ya peke yake, ulizeni kipindi cha kusubiri kabla haijaanza kulipa ni miezi mingapi, na kama ugonjwa aliokuwa nao zamani umo.

Jambo la mwisho: mkataba mpe asome mwenyewe. Mtu wa miaka 21 asiyejua bima yake inaishia lini atakupigia wewe simu usiku, nawe uko Wete.

Na binti je? Wewe mwenyewe huanui karafuu mvua ikishanyesha. Barua yake ya chuo iombwe wiki hii.

Dada yenu.