Paka Kapewa Panadol: Mgeni Tumjibuje?

Makundi ya WhatsApp ya wafuga mbwa na paka yamesaidia wengi, lakini baadhi ya wakongwe wake wana ulimi mkali. Tulizungumza na daktari wa mifugo wa Dar es Salaam, ambaye pia ni admini wa kundi mojawapo.

Daktari, watu wanaopenda wanyama si ndio wangekuwa wapole?

Mapenzi hayo hayo ndiyo yanayowapandisha hasira. Mtu anayemlea paka kama mwanawe, akisikia mwenzake kampa dawa ya binadamu, anawaka kabla hajasoma ujumbe mpaka mwisho. Tena kuna kuchoka, maana swali la dawa ya minyoo linarudi kila wiki. Na tusifichane, majivuno yapo. Mwenye German Shepherd anamcheka aliyeokota mbwa koko, wakati ugonjwa wa parvo hauulizi mbwa ni wa ukoo gani.

Hasara ni ipi, zaidi ya mtu kuumia moyo?

Mnyama anakufa. Chukua mfano wa mgeni anayeandika usiku: “Habari zenu. Paka wangu ana homa, nimempa nusu Panadol, sasa anahema kwa shida.” Wa kwanza anamjibu kwamba hafai kufuga hata kuku. Wa pili anamuuliza kama meseji za nyuma hakuziona. Wa tatu anatuma kikatuni cha kucheka. Mgeni anajitoa kwenye kundi, na paka amebaki naye.

Sasa, mwili wa paka hauna vimeng’enya vya kutosha vya kuivunja dawa ile. Inaharibu chembe nyekundu za damu, fizi zinageuka rangi ya kahawia au buluu, uso na miguu vinavimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima. Tiba ipo, lakini inataka kuwahiwa. Muda wa kuwahi ndio huo uliokwenda kwenye matusi.

Wewe ungemjibuje?

“Pole sana dada. Umempa saa ngapi? Usimwongezee dawa yoyote, mpeleke kwa daktari sasa hivi na pakiti uende nayo. Uko maeneo gani tukuelekeze?” Basi. Somo la Panadol lisubiri kesho, atakaporudi kusema paka amepona au amekufa. Hapo mweleze taratibu, atakusikia. Na uone kwamba upole haukunizuia kusema “usimwongezee”. Ile ni amri.

Kuna wanaoshambuliwa kwa sababu mbwa wao analala nje.

Hilo linaniudhi. Huku Pwani wako Waislamu wengi wanaofuga mbwa wa ulinzi, na hawamwingizi ndani kwa sababu ya twahara. Ukimwambia mtu kama huyo hana upendo, umemgusa kwenye dini yake bila sababu yoyote. Muulize mambo ya maana: banda linavuja? Maji safi anapata? Kachanjwa kichaa cha mbwa, na chanjo anairudia? Nimeona mbwa wa bandani wenye afya kuliko wanaolala kwenye kochi wakilishwa maandazi.

Hata anayemtesa mnyama naye tumstahi?

Hapana. Asiyejua anafundishwa. Anayetesa kwa makusudi anaripotiwa kwa ofisa mifugo au polisi. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Shida yetu ni kuwatia wote kapu moja.

Wakongwe wenyewe wananufaika na nini?

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Parvo ikiingia mtaani, mara nyingi wa kwanza kuhara damu ni vijibwa ambavyo havijamaliza chanjo, na vingi ni vya hao wageni. Kirusi chake hukaa kwenye udongo kwa miezi. Mgeni akiwa huru kusema “wangu anatapika na kuhara damu”, jirani mkongwe anamzuia wake kutoka na kuikagua kadi ya chanjo. Akishafokewa mara moja, hilo hutalisikia.

Admini afanye nini?

Abandike juu ya kundi orodha fupi ya vitu vya hatari: Panadol kwa paka, diclofenac na chokoleti kwa mbwa, dawa ya kuogeshea ng’ombe kwa wote wawili. Aongeze namba za madaktari wanaopokea simu usiku. Maswali ya kila siku yatapungua, na hasira nazo. Anayetukana aonywe inboksi, si mbele za watu, maana mkongwe akiaibishwa naye atatafuta wa kumlipizia. Akirudia, atolewe, hata kama ndiye mjuzi kuliko wote. Huyu wengi wanamwonea haya, ndiyo maana makundi yanabaki na watu kumi wanaosifiana.

Neno kwa wasomaji?

Ukikuta mgeni anauliza lile lile la jana, mjibu. Kama umechoka, nyamaza, mwachie mwingine amjibu.