Vyuma Vikikaza, Kwa Nini Watu Humkimbilia Mungu?

Katikati ya mwaka 1997, dola moja ya Marekani ilipatikana kwa rupia 2,400 hivi nchini Indonesia. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa imekaribia rupia 15,000. Bei ya mchele ilipaa, viwanda vikafungwa, na Mei 1998 Rais Suharto akaachia madaraka aliyoyashika kwa zaidi ya miaka 30. Katika patashika hiyo, darsa za Qur'ani zilikuwa zinajaa. Wachumi wanaitazama Indonesia ya wakati ule hadi leo, maana inasaidia kujibu maswali ambayo hata huku kwetu huulizwa kila sukari inapopanda bei.

Kuna ushahidi kwamba ukata huongeza ibada, au ni maneno ya mtaani?

Ushahidi upo, na ulio mzuri zaidi unatoka huko huko Indonesia. Mchumi Daniel Chen, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, alilinganisha familia zilizoumia sana na zile zilizoumia kidogo. Mkulima mwenye majaruba ya mpunga alikuwa na nafuu, kwa kuwa alichokivuna ndicho kilichopanda bei. Mtumishi wa serikali, mwenye mshahara wa jana na mchele wa bei ya leo, alibanwa. Familia zilizobanwa zaidi ndizo zilizozidisha kuhudhuria darsa na kupeleka watoto shule za Kiislamu. Kwa vikundi visivyo vya dini, msukumo huo ulikuwa dhaifu.

Basi wanafuata msaada, hawamfuati Mungu?

Swali hili hupendwa sana na wasiokwenda ibadani. Linachukulia kwamba mambo hayo mawili yametengana, wakati kwa muumini wa kawaida yanakwenda pamoja.

Itazamwe jumuiya ndogo ndogo ya Wakatoliki katika mtaa wowote wa Dar es Salaam. Jumamosi alfajiri, majirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao. Huimba, husoma neno, husali, kisha daftari hufunguliwa. Nani anaumwa? Nani amefiwa, na rambirambi imefika shilingi ngapi? Nani hajaonekana wiki ya tatu sasa? Asiyeonekana atahangaika siku atakapohitaji barua ya jumuiya ili mtoto wake abatizwe. Masharti hayo huwakera wengi, lakini bila hayo mfuko ungekauka, maana kila mtu angekuja siku ya shida yake tu. Mchumi Laurence Iannaccone aliieleza hoja hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990: dini yenye masharti magumu huwachuja wadandiaji, na wanaobaki hujitoa kwa moyo zaidi.

Msikitini kuna zaka, sadaka, futari ya pamoja na maziko yanayosimamiwa na jamaa wa msikiti. Sura ni nyingine, kazi inafanana.

Hata hivyo, daftari halimalizi maelezo. Huko Ghana, watafiti waliwachagua kwa bahati nasibu baadhi ya waumini wa kanisa la Kipentekoste, wakawakatia bima ya mazishi ya kampuni ya biashara. Baadaye waumini walipewa fedha wagawe wenyewe, kiasi gani wabaki nacho na kiasi gani kiende kanisani. Waliokatiwa bima walilipa kanisa lao kidogo kuliko wenzao walioelezwa tu habari za bima hiyo. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020, watafiti hao walieleza kwamba waumini huiona sadaka kama kinga kwa Mungu anayeingilia mambo ya kila siku, na kwamba msaada wa waumini wenzao nao una nafasi yake. Kwa maneno mengine, anayetoa anaomba balaa lisimfike, na likimfika asiachwe peke yake.

Mbona Wamarekani hawakujaza makanisa mwaka 2008?

Benki kubwa zilipoyumba, wapo waliotarajia viti vya kanisani vijae. Shirika la kura za maoni la Gallup lilipoangalia takwimu zake Desemba 2008, halikuona ongezeko la mahudhurio. Inaelekea sababu mojawapo ni kwamba Mmarekani aliyepoteza kazi ana pengine pa kushika: mafao ya ukosefu wa ajira na msaada wa chakula wa serikali. Chen naye aliona Indonesia kwamba palipopatikana mikopo, shida haikuwasukuma watu darsani kwa nguvu ile ile. 

Historia inaonyesha upande wa pili pia. Serikali ya Rais Roosevelt wa Marekani ilipoanza kugawa misaada mwaka 1933, makanisa yalipunguza matumizi yake ya hisani. Wachumi Jonathan Gruber na Daniel Hungerman wamekadiria kwamba mpango huo wa serikali ulipunguza matumizi hayo kwa asilimia 30 hivi.

Kwa nini basi wahubiri wa utajiri hupata wafuasi wengi nyakati ngumu?

Chukua mfano wa Tanzania, iliyoafikiana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. Katika miaka iliyofuata ajira za serikali zilipunguzwa, na wagonjwa wakaanza kuchangia gharama za matibabu. Kipindi hicho hicho makanisa ya uamsho yaliongezeka: Zachary Kakobe alianzisha lake mwaka 1989, na kanisa la EAGT la Moses Kulola likafuata mwaka 1991. Ugumu wa maisha haukuwa sababu pekee, na si haki kuyatia makanisa yote ya uamsho kapu moja na wauza mafuta ya upako. Mengi kati yake hulea wajane na huwatoa vijana kwenye pombe.

Tatizo liko kwa anayemwambia mtu aliyefilisika kwamba apande mbegu ya laki mbili ili avune milioni. Katika jumuiya, fedha huzunguka na kila mtu anaona zilikokwenda. Kwa mhubiri wa namna hii zinapanda juu na hazishuki, na mavuno yasipokuja, lawama humwangukia mtoaji kwamba imani yake ilikuwa haba. Huo ni unyonyaji, hata ukifanyika kwa nyimbo nzuri. Rwanda iliamua kubana: sheria yake ya mwaka 2018 iliwataka viongozi wa makanisa wawe na shahada ya masomo ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha masomo hayo. Lakini cheti hakisomi hesabu za mfuko. Waumini wakisomewa mapato na matumizi hadharani, wanalindwa zaidi.

Aliyeachishwa kazi na anaona aibu kuomba afanye nini?

Aende mapema kwenye jumuiya au msikiti wake, kabla deni la kodi ya nyumba halijafika miezi mitatu na kabla hajaweka rehani hati ya kiwanja. Aulize waziwazi kama kuna mfuko wa wahitaji, nani anausimamia na msaada hutolewaje. Viongozi wakikwepa swali hilo, jibu ameshalipata. Kwa Waislamu aibu haina msingi kabisa: Qur'ani imetaja makundi manane yanayostahili zaka, na wenye madeni ni mojawapo.