Mzigo wa Mwalimu

Ninyi mnaofundishwa mnajua thamani ya mwalimu. Lakini je, pale Itebero na katika vijiji vingine vya Walikale, hatusikii watu wakisema: “Mwalimu huyu amekuwa mkali bure, tena mvivu”? Kabla ya kumhukumu, tuutazame kwanza mzigo wake.

1. Mzigo umetoka wapi?

Tangu miaka ya 1990, serikali ilipokuwa haiwalipi walimu ipasavyo, wazazi ndio waliowatunza kwa fedha zao. Katiba ya mwaka 2006 ilisema kwamba shule ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini neno hilo lilianza kutimizwa Septemba 2019. Lilikuwa jambo jema, maana watoto wengi wa maskini waliingia shuleni. Lakini madarasa yalijaa, madawati hayakutosha, na walimu wengine walifundisha bila kuandikwa katika orodha ya mishahara. Kisha vita navyo vikazidisha taabu; Machi 2025 vilifika hata mjini Walikale.

2. Mzigo unamfanya nini mtu?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza dalili tatu za uchovu wa kazi. Kwanza, nguvu za mtu zinakwisha. Pili, moyo wake unajitenga na kazi. Tatu, kazi yake haizai matunda kama zamani. Shirika halikuuita uchovu huo ugonjwa. Lilisema unatokana na taabu za kazi za muda mrefu zisizotengenezwa.

Tuchukue mfano. Mwalimu anauliza swali, wala hakuna anayejibu. Kama ana watoto thelathini, atalieleza kwa njia nyingine. Kama ana themanini, naye ana njaa, atasema moyoni: “Mimi sifai.” Kesho atafundisha kwa woga, watoto watashindwa, naye atadhani wamethibitisha neno lake. Hivyo mzigo unazaa woga, na woga unauongeza mzigo.

3. Tufanye nini?

Tusimtukane mwalimu mbele ya watoto. Tukiwa na neno, tumwendee faraghani. Mtoto wetu akijua kusoma, twende tumwambie mwalimu, kwa maana mtu hupata tena matumaini akiona kazi yake imezaa. Kamati ya wazazi itengeneze paa na madawati, tena ihesabu watoto wa kila darasa na kumwandikia mkaguzi. Nao walimu wakutane, kila mmoja aseme lililomshinda. Atakuta kwamba hakushindwa peke yake.

Walakini, wema wetu si mshahara. Tarehe 5 Oktoba 1966, huko Paris, wajumbe wa mataifa walikubaliana kwamba mwalimu apate mshahara wa kumtosha yeye na jamaa yake, na darasa lisizidi kiasi cha kumwangalia kila mtoto. Basi kumsaidia mwalimu si kuifutia serikali deni lake.

Maswali

Dalili tatu za uchovu wa kazi ni zipi?

Kwa nini woga unauongeza mzigo?

Mwalimu wa kijiji chako umemwambia neno gani jema mwezi huu?