Kufifia na Kupatwa: Tatizo la Istilahi katika Uorodheshaji wa Nyota Badilifu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza jambo dogo la kiisimu ambalo athari yake katika uandishi wa sayansi kwa Kiswahili si ndogo: namna ya kuzitaja nyota ambazo mng'ao wake haudumu katika hali moja. Baadhi ya nyota hizo hufifia kwa sababu nyota mwenza hupita mbele yake na kuuzuia mwanga. Nyingine hufifia kwa sababu zenyewe hutanuka na kunywea. Nyingine huzingirwa na vumbi zilizolitoa zenyewe. Mtazamaji anayeangalia anga usiku haoni hata moja kati ya sababu hizo. Anachokiona ni kwamba nyota aliyoizoea si angavu leo kama ilivyokuwa juzi.

Kiswahili kina neno la zamani na linaloeleweka kwa wote la kupatwa kwa jua na mwezi. Kwa hiyo mfasiri hushawishika kulitumia kwa kila nyota iliyopungua mwanga. Hoja ya makala haya ni kwamba matumizi hayo yanachanganya mambo mawili ambayo sayansi ya nyota imejitahidi kwa zaidi ya miaka mia mbili kuyatenganisha: kilichoonwa na kilichofasiriwa. Istilahi zetu zinaweza kuulinda utengano huo au kuubomoa, na sarufi ya Kiswahili, kama tutakavyojaribu kuonyesha, ina nyenzo za kutosha za kuulinda.

2.0 Kisa cha Algol

Mfano unaofaa zaidi ni nyota iitwayo Algol, katika kundinyota la Perseus. Jina hilo limetokana na maneno ya Kiarabu yenye maana ya kichwa cha zimwi. Neno la kwanza kati ya hayo, lile la kichwa, ndilo lililotupatia 'rasi' ya wanajiografia wetu. Wako wanaodai kwamba nyota hiyo iliitwa zimwi kwa kuwa wahenga waliiona ikififia na kuchangamka tena. Dai hilo linapendeza lakini halihitajiki. Katika orodha ya Ptolemy nyota hiyo tayari iko katika kichwa cha kiumbe wa kutisha ambacho Perseus amekishika mkononi, na wataalamu wa Kiarabu walilitafsiri jina la mahali ilipo katika picha hiyo. Jina peke yake si ushahidi kwamba mtu fulani aliona mabadiliko.

Mabadiliko yenyewe yaliandikwa katika karne ya 17 na Geminiano Montanari wa Italia, lakini hayakupewa mpangilio wala kipindi. Aliyefanya hivyo ni John Goodricke wa York, Uingereza, kijana aliyepoteza uwezo wa kusikia tangu utotoni. Alianza kuiangalia Algol mwezi Novemba 1782 akiwa na umri wa miaka 18, na Mei 1783 taarifa yake ikawasilishwa katika Royal Society ya London. Alionyesha kwamba nyota hiyo hubaki katika mng'ao wake wa kawaida kwa zaidi ya siku mbili, kisha hufifia kwa saa chache na kurejea, tena kwa kipindi kisichobadilika. Kipimo cha leo cha kipindi hicho ni siku 2, saa 20 na dakika 49. Hesabu yake ya kwanza ilitofautiana nacho kwa dakika chache tu. Mwaka huohuo alitunukiwa nishani ya Copley. Alifariki mwaka 1786, kabla ya kutimiza miaka 22.

Kwa mwanaisimu, la kuzingatiwa zaidi katika taarifa hiyo ni kwamba Goodricke hakuichanganya sababu na tukio. Kwanza alieleza kufifia na kipindi chake. Baada ya hapo ndipo alipotoa dhana mbili kwa pamoja: huenda kuna gimba kubwa lenye giza linaloizunguka Algol, au huenda nyota yenyewe ina upande wenye mabaka unaotugeukia kila inapojizungusha. Dhana hizo zilibaki dhana kwa miaka 106. Mwaka 1889 Hermann Vogel, huko Potsdam, Ujerumani, aliuchanganua mwanga wa Algol na kukuta kwamba nyota hiyo hutukaribia na kutukimbia kwa zamu, kwa kufuata kipindi kilekile, jambo ambalo lisingewezekana kama isingekuwa na mwenza. Hapo ndipo ilipokuwa halali kusema kwamba Algol hupatwa. Aidha, mwenza huyo hana giza kabisa, kwa hiyo naye anapofichwa mwanga wa jozi hupungua kidogo sana. Upungufu huo haukuthibitishwa mpaka 1910, Joel Stebbins alipotumia kifaa cha umeme badala ya jicho.

Tuseme Goodricke angeandika kwa Kiswahili. Je, angetumia kitenzi kipi mwaka 1783? Bila shaka 'hufifia'. Kama angeandika 'hupatwa', angekuwa ameamua kwa kitenzi kimoja jambo lililohitaji karne nzima ya uchunguzi.

3.0 Kitenzi 'pata' na vizalia vyake

Kauli ya kutendwa katika Kiswahili huruhusu mtenda asitajwe, lakini haimwondoi. Anayesema 'mlango umefungwa' anakubali kwamba kuna aliyeufunga, ilhali anayesema 'mlango umefungika' hajasema hivyo. 'Kupatwa' kumo katika kundi la kwanza. Mtu hupatwa na maradhi, na familia hupatwa na msiba. Daima kuna kitu kinachotoka nje na kumwangukia mhusika. Vitenzi kama 'fifia', 'pungua' na 'badilika' havina dai hilo. Tofauti hii, ambayo kwa kawaida hufundishwa kama suala la viambishi tu, ndiyo hasa inayohitajika hapa.

Chukua nyota Mira, iliyo katika kundinyota la Nyangumi. David Fabricius aliiona mwaka 1596, ikafifia mpaka ikatoweka machoni pake. Hevelius aliipa jina hilo la Kilatini, lenye maana ya 'ya ajabu', mwaka 1662. Hung'aa na kufifia kwa kipindi cha siku 332 hivi, na inapofikia upeo wa chini haionekani bila darubini. Hakuna kinachopita mbele yake: ni nyota kubwa nyekundu inayotanuka na kunywea. Nyota R ya Taji la Kaskazini nayo, iliyotambuliwa na Edward Pigott mwaka 1795, huporomoka ghafla bila kipindi maalumu, kwa sababu ya masizi yanayojikusanya katika gesi iliyoitoa yenyewe. Betelgeuse ilipofifia kuliko kawaida mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020, wengi walitabiri kwamba ilikuwa karibu kulipuka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulieleza kufifia huko kwa wingu la vumbi lililotokana na nyota hiyo na kwa kupoa kwa sehemu ya uso wake. Kitabu cha shule kitakachoandika kwamba nyota hizi zote 'hupatwa' kitamfundisha mwanafunzi kosa, na kosa lenyewe litakuwa limefichwa ndani ya kiambishi kimoja, mahali ambapo mwalimu wa fizikia hana mazoea ya kupatazama.

Kuhusu jina la jumla, 'nyota geugeu' limeshawahi kusikika, lakini halifai. Kigeugeu ni mtu asiyeaminika, ilhali Algol ni ya kutegemewa kuliko saa nyingi za ukutani. Tunapendekeza 'nyota badilifu', kwa kufuata mfano wa 'angavu', 'vumilivu' na 'sahaulifu', ambapo kiambishi cha mwisho hutaja tabia ya kudumu bila kutaja chanzo chake.

Kwa nyota za aina ya Algol, wazo la kwanza la mwanasarufi litakuwa kauli ya kutendana, maana kila nyota humfunika mwenzake kwa zamu. Hapa lugha inatufungia mlango. 'Patana' tayari ina kazi nyingine, na nyota zipatanazo zitakuwa nyota zilizosuluhishwa baada ya ugomvi. 'Patwana' haiwezekani, kwa kuwa kiambishi cha kutendana hakikubali kufuata kile cha kutendwa. 'Zibana' ina kasoro ya kusikika: katika umbo la 'zizibanazo' msikilizaji hupata picha ya kubana. Kutokana na 'kingama', yaani kukaa kwa kukata njia kama mti ulioanguka barabarani, mtu angeweza kuunda 'kingamano'. Hilo ni zuri kwa maana, ila linahofiwa kuonekana kama kosa la chapa la 'kongamano'.

Kwa hiyo tunarudi kwenye kauli ya kutendwa, safari hii kwa haki: 'nyota jozi za kupatwa'. 'Jozi' ni bora kuliko 'pacha'. Pacha hudokeza kufanana, na katika Algol nyota moja ina tungamo zaidi ya mara nne ya mwenzake. Istilahi hii huzaa nyingine bila taabu: 'kupatwa kukuu', nyota yenye mwanga zaidi kwa kila eneo la uso wake inapofichwa, na 'kupatwa kudogo', ambako ndiko alikokupima Stebbins.

4.0 Majina yasiyodai kitu

Watunzaji wa orodha za nyota walilitambua tatizo hili kwa njia yao. Friedrich Argelander wa Bonn, ambaye mwaka 1844 alitoa wito kwa wapenzi wa nyota wajitolee kuzichunguza nyota badilifu, aliweka utaratibu wa majina ambao bado unatumika. Nyota badilifu ya kwanza kutambuliwa katika kundinyota, kama haina herufi tayari, huitwa R, inayofuata S, mpaka Z. Herufi za kabla ya hapo zilikuwa zimekwisha tumika katika ramani za zamani. Baada ya kufa kwake utaratibu ulipanuliwa: RR mpaka ZZ, kisha AA mpaka QZ, herufi J ikiachwa. Nafasi hizo ni 334 kwa kila kundinyota, na zikijaa huanza V335, V336 na kuendelea bila kikomo. Ni utaratibu usio na mvuto hata kidogo. Fadhila yake ni kwamba jina halisemi lolote kuhusu nyota isipokuwa zamu yake ya kuorodheshwa, na kwa hiyo halihitaji kubadilishwa sababu inapogunduliwa kuwa tofauti na iliyodhaniwa.

Maelezo ya aina huwekwa katika safu nyingine. Orodha Kuu ya Nyota Badilifu, iliyoanza kuchapishwa mjini Moscow mwaka 1948 na ambayo sasa ina zaidi ya nyota 50,000, hugawa jozi za kupatwa kwa umbo la grafu ya mng'ao. Ya kwanza ni aina ya Algol, ambapo mng'ao hukaa tuli kisha hushuka ghafla. Ya pili ni ya Beta ya Kinubi, ambayo haina utulivu kwa kuwa nyota zake zimevutana mpaka zikapoteza uduara. Ya tatu ni ya W ya Dubu Mkubwa, ambapo nyota mbili zinagusana na kuzungukana kwa saa chache tu. Hata leo, kazi inapofanywa na mashine, tahadhari haijaachwa: chombo cha angani Gaia, kilichozimwa mwaka 2025, kilitoa mwaka 2022 orodha ya jozi zaidi ya milioni 2, nazo zikaitwa 'zinazodhaniwa' kuwa za kupatwa. Mfasiri atakayeliacha neno hilo moja kwa kuliona la ziada atakuwa ametafsiri orodha nyingine.

5.0 Usiku ni wa siku ipi?

Algol huonekana vizuri kutoka Afrika Mashariki jioni za Desemba, upande wa kaskazini, karibu nusu ya njia kati ya upeo na utosi. Hahitajiki mtu mwenye darubini. Mtazamaji huilinganisha na nyota jirani zisizobadilika: ikiwa katika hali ya kawaida ina daraja la 2.1, inapofifia kabisa hufikia 3.4, sawa na Alfa ya Pembetatu iliyo karibu nayo. (Daraja likiwa kubwa, nyota ni hafifu, utaratibu huo tumeurithi kutoka kwa Wayunani.) Tukio zima huchukua saa 10 hivi. Ugumu uko katika kuandika wakati.

Wanajimu huhesabu siku mfululizo kuanzia adhuhuri, ili usiku mmoja usikatwe na tarehe mbili. Kwa saa za Afrika Mashariki siku yao huanza saa 9 alasiri, hivyo usiku wetu wote huingia katika namba moja. Lakini mtazamaji wetu ataandika nini daftarini? 'Usiku wa Jumatatu' kwa wazee wa pwani ni ule unaotangulia mchana wa Jumatatu. Kwa vijana wengi wa mijini ni ule unaoufuata. Kosa la siku moja ni zaidi ya theluthi ya kipindi cha Algol. Vilevile, 'saa 5' isiyobadilishwa kuwa 23 huleta kosa la saa 6, ambalo linatosha kuutoa upeo wa kufifia nje kabisa ya tukio lenyewe.

Hapa lugha ya kila siku imekwisha kutupatia dawa ambayo lugha nyingi hazina. 'Usiku wa kuamkia Jumanne' hauna utata kwa mzee wala kijana, Mombasa wala Dar es Salaam. Tunapendekeza kauli hiyo iingizwe rasmi katika fomu za kuorodhesha, sambamba na saa za mfumo wa 24. Kumbukumbu isomeke hivi: usiku wa kuamkia tarehe fulani, saa 23:40, imefifia, daraja 3.2, ililinganishwa na nyota fulani na fulani. Neno 'imepatwa' lisiandikwe na mtazamaji. Safu yake ipo, lakini hujazwa baadaye na mwenye kuzikusanya kumbukumbu za watazamaji wengi, baada ya kipindi kuhesabiwa na grafu kuchorwa.